Sikio la Kuchagulia Matofali

Tanuri la mikate la wifi yake Bi Kabari liliporomoka Jumanne asubuhi, skonzi za shule nzima zikiwa ndani, na kabla jua halijapanda mtaa mzima ulikuwa umeshajua. Bi Kabari naye alijua. Alizipata habari kutoka kwa muuza mkaa, akazithibitisha kwa mwenye duka la nafaka, kisha akarudi nyumbani kuendelea na shughuli zake. Hakwenda kutoa pole. Alijua ataitwa tu, na alitaka aitwe.

Aliitwa Ijumaa. Aliyeleta wito ni mumewe, fundi cherehani, mtu mpole ambaye hata akijidunga sindano hapandishi sauti. Alisimama mlangoni na futi yake ya kupimia shingoni, akasema jambo. Bi Kabari akamtaka arudie.

"Dada anakuita," mume alisema tena. "Anasema uende na vifaa."

"Alisema hivyo? Na vifaa?"

"Na vifaa."

Bi Kabari alijifunga leso kichwani taratibu, kama mtu anayevaa kwenda harusini. Miaka kumi na minane ya ndoa, wifi yake alikuwa amemwita kwenye misiba, kwenye harusi, kwenye vikao vya kusuluhisha watu na kwenye vikao ambavyo yeye ndiye aliyekuwa anasemwa. Kwa ufundi wake hakuwahi kumwita hata siku moja. Tanuri hilo lilipojengwa mara ya kwanza, kazi alipewa fundi mmoja mwenye gari na shati lililopigwa pasi. Bi Kabari alizisikia habari hizo kwa watu wa nje.

Na kulikuwa na ile ya zege. Zamani hizo, mbele ya ukoo mzima, wifi yake alisema kwamba kaka za wenzake wameoa watu, kaka yake yeye ameoa zege. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Bi Kabari alicheka pia, lakini neno lile alilihifadhi mahali.

Jina la Bi Kabari alipewa na mafundi wenzake. Kuba la tanuri hujengwa kwa matofali yaliyokatwa yakawa mapana nyuma na membamba mbele, kama kabari, ili kila moja lilibane jirani yake na yote kwa pamoja yasianguke. Mafundi wengi hukata kwa kukisia, kisha huziba mianya kwa udongo. Yeye alikata kila tofali mpaka wembe usipite. Alikuwa amejenga matanuri na majiko ya shule, ya hospitali, ya hoteli, na hata la gereza. Halijaanguka hata moja. Hakuona haya kulisema hilo, na kama hukumuuliza alikuambia vilevile.

Kwenye duka la mikate alimkuta wifi yake uani, mikono ameikunja kifuani, aproni safi bila chembe ya unga. Kwa mwanamke yule, aproni safi saa tatu asubuhi ilikuwa sawa na kuvaa nguo za matanga. Pembeni alisimama mkandaji wake, jibaba la mabega mapana ambalo siku zote hukanda unga, na sasa halikujua mikono yake iende wapi.

"Karibu, wifi," alisema mwokaji.

"Nimekaribia, wifi. Pole."

"Ahsante. Tanuri lenyewe lile."

Bi Kabari aliweka mfuko chini, akapiga magoti, akaingiza kichwa na mabega ndani ya kile kifusi. Alitoka na kipande cha tofali, akakiweka juu ya jiwe na kukigonga kwa tindo. Kikapasuka. Nje kilikuwa cha manjano, ndani chekundu kama kigae.

"Hili ni tofali la ukuta," alisema. "Limepakwa rangi ya udongo. Tofali la moto halisi ni lilelile nje na ndani. Huyo bwana wa shati alikupaka mafuta kwa mgongo wa chupa."

Wifi yake alikitazama kile kipande kwa muda mrefu. Kisha akakisukuma kando kwa mguu. Alisema, "Matofali mapya nimeshanunua. Ya moto. Yametoka kwenye kiwanda cha vioo kilichobomolewa. Mia nne. Nataka Jumatatu niwashe."

"Jumatatu ipi?"

"Jumatatu hii, wifi. Wateja wanakimbia."

"Jumatatu hii utakuwa unaniletea chai mimi nikikata matofali," Bi Kabari alisema. "Siku tisa za kuchagua, kukata na kujenga. Baada ya hapo wiki nzima ya kulikausha kwa moto mdogomdogo. Ukiharakisha, maji yaliyomo yatachemka na kuba litapasuka. Kama hutaki hivyo, mwite mwenye gari."

Mkandaji alitazama miguu yake. Mwokaji alivuta pumzi, akaishusha.

"Anza," alisema.

Matofali yalikuwa yamemwagwa nyuma ya ghala, rundo refu kama kaburi la jitu. Mkandaji alikuwa akiyaleta mawilimawili, na Bi Kabari, akiwa amekaa kwenye kigoda, aliyapokea na kuyahukumu. Kwanza aliyapima mkononi. Mepesi kama mkate wa jana alitupa kushoto. Hayo ni ya kuzuia joto lisitoke, huwekwa nje ya kuba, ukiyaweka chini ya mikate yanamomonyoka. Yaliyokuwa na ngozi ya kioo, inayong'aa kama sukari iliyoungua, alitupa nyuma. Kisha aliangalia pembe kama zimekaa sawasawa. Yaliyovuka yote hayo aliyaning'iniza kwa vidole viwili na kuyagonga kwa mpini wa nyundo. Mengine aliyaweka kulia, mengine akayatupa. Kazi ilikwenda mbio. Kufikia adhuhuri rundo la kulia lilikuwa limefika kiunoni.

Mwokaji alikuja na chai. Alisimama kuangalia, na kwa kuwa hakuwa na unga wa kukanda wala mkate wa kugeuza, aliendelea kusimama.

"Ukiligonga unasikiliza nini?"

"Sauti. Zima linalia kama kengele. Lenye ufa ndani linasema pwa, kama chungu kilichopasuka."

"Kumbe kama mkate," mwokaji alisema. "Mkate ukiutoa unaugonga tumbo. Ukiiva unajibu. Ukiwa mbichi katikati unanyamaza. Mimi sifungui mkate kujua."

"Mkate na tofali mbalimbali, wifi," alisema Bi Kabari, akachukua jingine.

Jambo ambalo hakulisema, na ambalo hakuwa amemwambia mtu yeyote, hata mumewe, ni kwamba kengele ile hakuwa akiisikia tena. Miaka thelathini ya grenda ya kukatia matofali ikipiga kelele kando ya kichwa chake ilikuwa imemla masikio. Mara ya kwanza aligundua miaka miwili iliyopita, kwa ndege wa alfajiri. Alidhani wamehama. Kisha ukaja mlio wa simu, kisha sauti za watoto wa jirani. Kwenye matofali alijifunza kutumia vidole: tofali zima hutetemeka kwa muda ukiligonga, bovu hufa palepale. Alikuwa ameshazoea hata akajiaminisha kwamba vidole ni bora kuliko masikio.

Mwokaji aliweka kikombe chini. Aliinama kwenye rundo la kulia, akainua tofali la juu kwa vidole viwili kama alivyoona, akaligonga kwa kijiko cha chai. Akachukua la pili, akagonga. La tatu. Kwenye la nne akasimama, akaligonga tena, akalitenga.

"Hili bovu."

Bi Kabari alicheka. "Hilo limelowa tu. Tofali likilowa linapoteza sauti."

"Tangu juzi liko juani, wifi."

"Wifi, mimi nimekula vumbi la matofali miaka thelathini. Wewe umeshika la kwanza leo."

"Sikatai. Lakini sikiliza." Mwokaji alishika matofali mawili, moja kila mkono. Alimwambia mkandaji agonge. Kijiko kikagonga la kwanza, kikagonga la pili. "Umesikia?"

Bi Kabari alisikia tik, kisha akasikia tik.

"Yote sawa," alisema.

Mkandaji alikuwa ameinua nyusi; aliposhtuka kwamba anaonekana, akageuka na kuanza kutafuta kitu mfukoni. Hata yeye, mtu wa unga, alikuwa amesikia tofauti.

Bi Kabari alilichukua lile tofali, akalilaza juu ya mchanga, akaweka tindo katikati na kupiga pigo moja. Lilitakiwa kukatika mstari ulionyooka. Badala yake lilifunguka kwa mshazari, na ndani ya ufa kulikuwa na masizi meusi ya zamani. Ufa huo ulikuwa mle tangu lilipokuwa kiwandani.

"Gonga mengine," alisema.

Mwokaji aligonga rundo zima la kulia, moja baada ya jingine, bila haraka. Alitenga kumi na saba. Bi Kabari alipasua matatu kati ya hayo, na yote yalikuwa na ufa. Hakupasua la nne. Aliinuka, akaenda kwenye bomba lililokuwa kwenye kona ya ua, akanawa uso na kubaki ameinama maji yakimtiririka kidevuni.

Kumi na saba. Kuba zima huangushwa na moja tu, likipasuka kwenye moto likaanguka, na jirani zake hukosa wa kubanana naye. Angejenga, angelipwa, angetembea kifua mbele, na siku moja wifi yake angekuwa ameingiza mikono mle ndani akipanga mikate. Alijiuliza kuhusu tanuri la hospitali, alilolijenga mwaka jana. Kisha akakumbuka kwamba matofali yale yalikuwa mapya, ya makasha, yaliyokaguliwa, akapumua. Lakini la hoteli lilikuwa la matofali ya mitumba. Ilibidi alirudie akalikague, na alijua hapohapo kwamba ataenda.

Angeweza kusema ni uchovu. Mwokaji angeitika, wangeendelea. Bi Kabari alifunga bomba, akarudi, akakaa kwenye kigoda chake.

"Masikio yangu yamekufa, wifi," alisema. "Maneno nayasikia ukiwa karibu. Sauti nyembamba siisikii kabisa. Nimekuwa nikichagua kwa vidole."

Alingoja kicheko. Mwokaji hakucheka. Alivuta debe tupu la mafuta, akaligeuza, akaketi juu yake ili nyuso zao zikutane.

"Kaka anajua?"

"Hajui. Anadhani simjibu kwa sababu nimechoka."

"Basi ndiyo maana!" Mwokaji alipiga goti lake. "Kwenye arobaini ya mama nilikuita kutoka dirishani mara tatu. Mara tatu, wifi! Nikuombe unisaidie sahani. Ukapita kama hunijui. Nikasema, basi, huyu mwanamke ana dharau, na mimi sitamwita tena."

"Hukuniita."

"Nilikuita!"

"Basi sikusikia." Bi Kabari alifikiri kidogo. "Lakini ile ya zege niliisikia vizuri sana."

Mwokaji alifunika uso kwa aproni. Mabega yake yalianza kutikisika, na Bi Kabari hakujua kama analia au anacheka mpaka aproni iliposhuka.

"Nisamehe," alisema, machozi yakimtoka. "Nilikuwa na wivu. Kaka yangu alikuwa hasemi kitu kingine: mke wangu kajenga hiki, mke wangu kajenga kile. Mimi nilikuwa nauza skonzi kwenye beseni."

"Nimeshasamehe. Kunywa chai yako, imepoa."

"Ni yako hiyo."

Walicheka wote, na mkandaji, alipoona mambo yamekuwa shwari, akathubutu kurudi karibu.

Walipomaliza kuchagua upya, hesabu haikutosha. Mazima kabisa yalikuwa mia moja na themanini. Sakafu pekee ilihitaji sabini, na kuba zaidi ya matofali mia na ishirini. Mwokaji alishika kiuno, akasema ataanza kutafuta mengine, na kwamba Mungu ndiye ajuaye yatapatikana lini.

"Hapana," Bi Kabari alisema. Alishakuwa amesimama, chaki mkononi, na mtu aliyemwona dakika ile asingeamini kwamba ndiye aliyekuwa ameinamia bomba. "Sakafu ndiyo inayotaka tofali zima. Kuba linataka nusu. Kila tofali likikatwa katikati linatoa kabari mbili. Na haya uliyoyatenga, mengi ufa umekaa upande mmoja. Tunakata upande mbovu tunatupa, tunabaki na nusu nzima. Kazi yako wewe ni kugonga kila nusu nikishaikata. Isiyolia hainijii tena mbele."

"Na nikikosea?"

"Hujakosea hata mara moja mpaka sasa. Mimi ndiye niliyekosea mara kumi na saba."

Siku zilizofuata kazi ilichapwa. Bi Kabari alitengeneza kigezo cha bati, akakilaza juu ya kila tofali na kuchora mistari miwili ya chaki inayokaribiana. Mkandaji alimwaga maji kwa kopo kidogokidogo ili vumbi lisipae, wote wamefunga vitambaa puani. Grenda ilipowashwa kwa mara ya kwanza mwokaji alikuja mbio kutoka dukani, akamshika Bi Kabari bega, akamtia pamba kwenye sikio moja, kisha jingine, akasukumiza kwa kidole kama anayejaza sambusa. Hakuuliza ruhusa. Kila asubuhi baada ya hapo alikuja na pamba.

Nusu zilizokatwa ziliwekwa juani zikauke, kisha mwokaji akazipitia kwa kijiko chake. Tin. Tin. Tin. Pwa. Ile iliyosema pwa ilitupwa bila mjadala. Jioni ya siku ya tano Bi Kabari alihesabu nusu njema: mia mbili na sitini na mbili. Zilitosha na kuzidi.

Sakafu aliipanga kwa mshazari, juu ya mchanga, bila udongo, ili beleshi la kuingizia mikate lisigonge ukingo wa tofali na ili siku moja tofali likichoka libadilishwe peke yake. Matofali yenye uso laini kuliko yote aliyaweka katikati, na alipopitisha kiganja hakikukwaruzwa popote. Kisha akajaza mchanga uliolowa juu ya sakafu, akaufinyanga kuwa umbo la tumbo, na juu ya tumbo hilo akajenga kuba, duara juu ya duara, udongo wa kinamu ukiwa mwembamba kama siagi ya mchoyo. Kila duara lilipofunga, aliligonga lote kwa mpini, si kwa kusikiliza, bali kuona kama kuna linalocheza. Hakuna lililocheza.

Tofali la mwisho la juu, lile la kufunga, alilikata mara tatu. Alichukua karatasi ya mfuko wa unga, akaibonyeza kwenye tundu lililobaki, akapata alama, akakata. Halikumridhisha. Akakata jingine. La tatu liliteremka likasimama nusu ya njia. Akaligonga mara mbili kwa nyundo ya mpira, nalo likakaa.

Siku ya kuchota mchanga kutoka ndani, mkandaji alisema kwa adabu kwamba yeye angependa kusubiri nje ya ua.

"Subiri," Bi Kabari alimwambia. Alichota mchanga kwa koleo fupi kupitia mdomo wa tanuri, ndoo baada ya ndoo, mpaka kuba likabaki limejishikilia lenyewe. Kisha akaingiza kichwa na mabega, akajigeuza chali, akatazama juu. Matofali yalimtazama kutoka kila upande, yamebanana, hakuna mwanga ulioponyoka kati yao.

"Wifi!" mwokaji aliita kutoka nje, kwa nguvu zote, ili asikike. "Unaonaje?"

"Njoo uone mwenyewe. Pana nafasi."

Mwokaji, aliyekuwa na mwili, alijikaza akaingia mpaka kifuani, nao wakalala pale kichwa kwa kichwa, wanawake wawili wazima, miguu ikiwa nje. Mkandaji alipochungulia aliona miguu minne ikitoka kwenye tanuri, akaita malaika wote aliowajua.

Wiki ya moto mdogo ilipita: siku ya kwanza njiti, siku ya pili vijiti, siku ya tatu kuni mbili, na kuendelea. Mvuke ulitoka kwenye udongo, ukapungua, ukakoma. Siku ya nane waliwasha moto kamili. Kuba lilikuwa jeusi kwa masizi, kisha joto likayala masizi, na matofali yakarudi kuwa meupe kuanzia juu kushuka chini. Mwokaji alirusha unga kidogo sakafuni, akahesabu kimoyomoyo, unga ukawa kahawia bila kuungua. Saa moja baadaye mikate ya kwanza ilitoka. Wateja waliokuwa wamekimbia walirudi kwa kufuata harufu, na mwokaji aliwahudumia mmoja mmoja akiwa na unga mpaka viwikoni.

Usiku huohuo Bi Kabari alimwambia mumewe. Fundi cherehani alisikiliza, akaweka kitambaa chini, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yao akapandisha sauti: "BASI KESHO TUNAKWENDA KWA DAKTARI." Alishtuka mwenyewe. Walikwenda. Daktari alisema kilichokwenda hakirudi, ila kilichobaki kinaweza kulindwa, na akampa vizibo vya masikio vya mpira, bora kuliko pamba.

Bi Kabari alirudi hotelini, akiwa na wifi yake. Waligonga tanuri lote. Wakakuta nusu mbili mbovu karibu na mdomo, mahali ambapo moto si mkali, naye akazibadilisha siku hiyohiyo. Mwenye hoteli alipouliza kwa nini hakuitwa mtu mwingine, alimjibu kwamba kazi ni yake na kosa ni lake.

Mwezi uliofuata akapata kazi ya tanuri la mfinyanzi wa vyungu. Mwokaji, akishamaliza mikate ya asubuhi, alifuatana naye hadi kwa muuza matofali. Muuzaji, kijana machachari wa maneno, alimwona mwanamke wa aproni akitupa pembeni tofali la tano mfululizo, akashindwa kuvumilia.

"Mama, samahani, wewe si muuza mikate?"

"Ndiye mimi."

"Sasa matofali unayajulia wapi?"

"Hili halijaiva," mwokaji alisema, akamkabidhi. "Lirudishe."

Bi Kabari hakuingilia. Alikuwa upande wa pili wa rundo, akipima pembe kwa jicho na kuwekea alama ya chaki yale ya sakafu. Walichukua mia tatu na arobaini kati ya mia sita, wakayapanga wenyewe kwenye gari ili yasigongane njiani, kisha wakapanda mbele na kumwambia dereva aende polepole kwenye mashimo.